Kuosha na kulinda paa la kitambaa la konvatibo ukiwa Mombasa: mwongozo kamili

Wenye gari za kufunua paa hapa Mombasa si wengi lakini mpo, jioni mwaonekana Mama Ngina na kule Nyali paa liko nyuma mwapunga upepo, na kuna wale wa Suzuki za turubai ambao wikendi ikifika ni feri ya Likoni moja kwa moja hadi Diani. Hii ni yenu. Maelezo mengi ya hii kazi yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani na adui zao ni wengine, wao wasumbuliwa na theluji, majani makavu na ule ukijani unaoota kwenye kitambaa wakati wa baridi. Sisi huku ni chumvi, jua la karibu na ikweta, kunguru na maji ya kisima. Kwa hivyo hatua zafanana na zao ila uzito wa kazi hauko pale pale, na mimi nitakomaa na mambo mawili hadi mchoke, maji unayosuzia na kukauka. Sabuni yaja baadaye.

Ujue kwanza paa lako ni la nini

Paa laini za gari ziko aina mbili kubwa. Kuna vinaili, hiyo ni plastiki iliyopigwa chapa ionekane kama ngozi au kitambaa, na kuna kitambaa chenyewe. Washa tochi ya simu, sogeza kamera karibu, vuta picha. Ukiona nyuzi zimepishana moja juu moja chini hicho ni kitambaa, ukiona vijishimo tu kwenye kitu kilaini basi ni vinaili. Mazda MX-5 za kwanza kabisa, zile zilizoonyeshwa Chicago 1989 na Wajapani wakaziita Eunos Roadster, nyingi zilitoka na vinaili, lakini za zamani kama hizo zishabadilishwa paa mara nyingi kwa hivyo usitegemee kitabu, angalia kwa macho.

Kitambaa cha paa zuri si nguo moja. Ni tabaka tatu zilizogandishwa pamoja, juu nyuzi za akriliki au poliesta, katikati mpira, chini bitana. Kinachozuia mvua isikuangukie kichwani ni ule mpira wa katikati, nyuzi za juu kazi yake ni kubeba jua na kuulinda huo mpira. Hapo ndipo utaelewa kwa nini petroli, thina na mafuta ya taa havitakiwi hata kusogea hapo juu, doa litatoka ndio, lakini kile kitu kinazama hadi kwenye mpira na gundi, mpira unavimba, tabaka zinaachana, na hapo hakuna dawa tena.

Na paa lenyewe si la kulichezea. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hivyo hizi za zamani zilizopo ndizo hizo hizo, na paa jipya mara nyingi ni kuagiza nje. Mafundi wa viti wetu wana mkono mzuri wa kushona, hilo sipingi, lakini kitambaa walichonacho dukani mara nyingi ni turubai ya tuktuk, hiyo ni nzito na ngumu, haikunjiki vile paa la gari lataka kukunjika. Kwa Suzuki ya kutoa turubai kwa mkono sawa, kwa gari ya paa la mota mimi singekubali.

Chumvi na maji, hapa nakaa kidogo

Mshaona paa lina unyevunyevu alfajiri na usiku hapakunyesha? Umande upo, lakini chumvi nayo imo. Chumvi ya bahari ikishaingia kwenye nyuzi haikai bure, hewa ikifika unyevu wa kama asilimia 75 yenyewe yaanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka, na usiku wa Mombasa kupita hapo ni kawaida kabisa. Maana yake paa lenye chumvi halikauki vizuri hata kama halijamwagiwa maji. Na paa lisilokauka ndilo linalopata kuvu, linalooza uzi wa mishono na kutia kutu vyuma vya fremu vilivyo chini yake. Wakati wa kusi upepo watoka baharini na nguvu, ukikaa Kizingo au Bamburi karibu na ufuo wapakwa chumvi kila siku bila kuona.

Sasa mtu aamua kuosha, achukua maji ya kisima. Visima vingi vya hapa vina chumvi na chokaa, ukionja tu wajua. Umetoa chumvi ya upepo umeweka ya kisima, kisha washangaa mbona paa jeusi limekuwa na madoa meupe. Kupima ni rahisi, dondosha matone kwenye kioo au sahani nyeusi, acha yakauke juani, ukiona duara jeupe hayo maji ni ya kulowanisha mwanzo tu, ya kusuzia mwisho hapana. Ishara nyingine ni sabuni kutotoa povu.

Kwa hivyo tafuta maji matamu. Ya bomba yakiwa yametoka, ama mitungi miwili ya lita 20 kutoka kwa muuza maji wa mkokoteni baada ya kumuuliza ni ya wapi, ama maji ya mvua. Na kuna moja watu hawaitumii, yale maji yanayodondoka kwenye AC. Yale ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa maji, hayana chokaa wala chumvi, kinga ndoo chini ya bomba lake, yachuje kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, hayo ndiyo ya kusuzia mwisho. AC moja inayofanya kazi mchana kutwa Mombasa hii yatoa maji ya kutosha sana.

Vifaa

Hakuna kitu cha ajabu. Ndoo mbili, burashi ya nywele laini (ya viatu mpya ni sawa, ya kusugua sakafu hapana), sponji, taulo za maikrofaiba kadhaa, sabuni ya gari isiyo kali au ile maalum ya paa za kitambaa ukiipata, vakyumu ya mkono kama iko, magazeti na masking tepu. Dawa ya kuzuia maji nitaisema mbele. Omo na sabuni za unga weka mbali, zina ukali wake na vitu vya kung'arisha nguo, na ile inayobaki kwenye nyuzi ndiyo inayoita maji yaingie badala ya kuteleza. Hata sabuni ya vyombo si nzuri, yatoa dawa yote iliyokuwepo.

Kuosha

Anza asubuhi mapema, saa moja hivi, gari iwe kivulini na paa liwe limefungwa na kukazwa klipu zake zote, madirisha juu. Saa sita juani usithubutu, sabuni yakauka kabla hujaisuza na hapo umepaka madoa kwa mkono wako.

Toa vumbi likiwa kavu kwanza. Vakyumu au burashi laini, kutoka mbele kurudi nyuma, na uingie kwenye mishono na pale kitambaa kinapokutana na kioo, manake huko ndiko mchanga wa ufuo unakojificha. Mchanga ukilowa na ukaanza kusugua ni msasa huo. Wale wa Changamwe na Miritini wanaokula vumbi la malori hii hatua muifanye mara mbili. Nywele za paka na nyuzi nyuzi toa kwa tepu, izungushe mkononi upande wa gundi nje, gusagusa.

Halafu lowanisha paa lote. Mpira wa kawaida wa maji watosha, ama mtungi wa kumwagilia maua. Mashine ya presha ndiyo nina maneno nayo. Vijana wa kuosha magari wakiiona gari yoyote wanaipiga ile ile, na wakifika kwenye kitambaa wanasogeza mdomo wa mashine karibu ili uchafu utoke haraka, hapo nyuzi zinavunjika na kusimama nywele nywele na mishono yafunguka. Ukienda kuosha mahali waambie kabla hawajashika kitu, paa nitaliosha mwenyewe, nyinyi fanyeni bodi na rimu. Kama ni lazima itumike basi iwe ule mwagiko mpana, presha ya chini, mbali kiasi cha hatua moja, na isielekezwe kwenye mishono wala pembeni mwa kioo.

Sabuni changanya na maji matamu, chovya burashi, fanya eneo dogo dogo, robo ya paa kwa wakati. Sugua kufuata mistari ya nyuzi, mbele nyuma kisha kushoto kulia, mkono mwepesi. Povu likigeuka rangi ya chai ndio uchafu watoka, lifute na sponji, suza sponji kwenye ndoo ya pili isiyo na sabuni, rudi. Usizungushe burashi kwa duara ukiwa umekandamiza, kitambaa chafura na rangi yake hubadilika ukitazama kwa upande.

Kisha kusuza, na hapa watu ndio wavivu. Mwaga maji, bonyeza kitambaa na kiganja, ukiona povu bado mwaga tena. Bonyeza tena. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi ni mbaya kuliko vumbi ulilolitoa, kwanza yashika uchafu mpya haraka, pili hata ukipaka dawa ya bei gani juu yake maji yatazama tu. Mmwago wa mwisho uwe yale maji ya AC au ya mvua. Suza na bodi pia maana sabuni yateremka kwenye rangi na vioo.

Kunguru, utomvu na kuvu

Hawa kunguru si wenyeji, ni wa kutoka India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ati wasafishe taka, wakaenea pwani yote na sasa wao ndio wenye mji. Kinyesi chao kikikaukia kwenye kitambaa usikikwaruze na kucha. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya doa, kiache kama dakika kumi au zaidi, kiongeze maji kikikauka, halafu nyanyua. Itatoka yenyewe nusu na inayobaki sabuni kidogo yaimaliza. La muhimu ni siku ile ile, manake jua likikipiga asidi yake yabadilisha rangi ya nyuzi na hiyo hairudi. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti.

Utomvu wa mwembe na mwarobaini ni kazi zaidi. Barafu ndani ya mfuko wa nailoni, iweke juu hadi utomvu ugande uwe mgumu, vunja vunja kwa vidole, vipande vitoe na tepu. Kinachobaki, spiriti kidogo kwenye kitambaa, gusa usisugue, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana uone kama rangi yatoka. Bora zaidi usipaki chini ya mwembe msimu wa maembe, najua kivuli ni kizuri, lakini ndio hivyo.

Kuvu ni vile vidoa vyeusi au kijivu na harufu ya stoo iliyofungwa. Mara nyingi huanzia kwenye mikunjo na kwenye bitana ndani. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nyunyizia, acha robo saa, burashi laini, suza sana, kisha jua la asubuhi limalizie. Rudia baada ya siku chache kama bado. Watu watakwambia jiki. Ni kweli kuna vitambaa vya akriliki vya miavuli na vivuli vya hotelini ambavyo watengenezaji wake huruhusu jiki iliyochanganywa na maji, lakini paa la gari lina uzi wa mishono, lina bitana, lina mpira wa pembeni, na hivyo vyote havina huo uvumilivu, ndio maana watengenezaji magari wengi wanaikataza. Mimi pia nakataza. Madoa ya kuvu yaliyozama miaka hayatoki yote, ukubali kivuli kidogo kibaki kuliko kulipasua paa ukitafuta weupe wa kanzu.

Kukausha

Gandamiza taulo kavu juu ya kitambaa inyonye, usiburute. Badilisha taulo ikilowa. Baadaye acha gari mahali pana upepo, paa likiwa limefungwa, madirisha wazi kidogo ndani kupite hewa. Juu patakauka haraka tu kwa joto hili, kinachodanganya ni mishono na ile sehemu nene iliyokunjwa juu ya kioo cha mbele. Bonyeza kitambaa cha karatasi pale kwenye mshono, kikitoka na unyevu bado.

Na usilifungue paa likiwa bichi. Hata kama mrembo amekaa kiti cha pembeni na jua lazama. Paa likunjwalo na maji ndani, limefungiwa kwenye lile shimo la nyuma lisilo na hewa, kwa joto la nyuzi 32, umetengeneza shamba la kuvu, na mikunjo yenyewe yabaki na alama. Likilowa na mvua ukiwa safarini na ilikuwa lazima ulikunje, ukifika nyumbani lifunge tena likaukie likiwa limenyooka.

Kupaka dawa ya kuzuia maji

Dawa za kazi hii zipo za majina kadhaa, 303 wana yao ya vitambaa, RaggTopp wana seti za kitambaa na za vinaili kila moja mbali, Renovo na Autoglym za Uingereza, Gtechniq I1. Unayoipata ndiyo hiyo, cha muhimu soma chupa imeandikwa ni ya kitambaa. Dawa ya vinaili au ile ya kung'arisha dashibodi na matairi ukiipaka kwenye kitambaa itaacha mafuta yanayoshika vumbi, na kuitoa ni shughuli. Mwenye vinaili naye asipake ya kitambaa.

Hujui kama unahitaji? Nyunyiza maji paa likiwa safi na kavu. Yakikaa matone na kuteleza kama kwenye jani la mgomba, dawa bado iko. Yakitandaa na kitambaa kikawa cheusi zaidi pale yalipoingia, imekwisha.

Siku nzuri za hii kazi hapa kwetu ni kaskazi, Januari na Februari mvua ni adimu. Mwezi wa Mei sahau, kwa masika dawa haipati muda wa kushika. Ukiwa umeosha asubuhi, saa tisa alasiri paa huwa limekauka kabisa, na kivuli kimeingia. Liguse na mgongo wa kiganja, liwe vuguvugu, likikuchoma subiri.

Ziba vioo, rangi na kromu kwa magazeti na masking tepu, kwa sababu tone la dawa likikaukia kwenye kioo utalifuta wiki nzima. Pasiwe na upepo. Nyunyiza kutoka mbali ya shibiri moja, mistari ikipandana kidogo, hadi kitambaa kilowe sawasawa bila kuchuruzika, na mishono iongezee. Pitisha sponji safi taratibu itandaze, ona kama kuna mahali pameruka. Iache ikauke kisha mkono wa pili, mwembamba. Mikono miwili miepesi yashinda mmoja mzito, ule mzito huacha mabaka. Usiku huo gari ilale ndani au chini ya shedi, umande usiiguse, na mvua isiipate kwa siku nzima, ukiona wingu la ghafla kutoka baharini funika juu juu tu na turubai isiyogusa kitambaa.

Vitu vya pembeni ambavyo huharibu paa zima

Dirisha la nyuma la plastiki, kama la zile MX-5 za kwanza, lioshe kwa maji mengi na maikrofaiba, usilifute likiwa kavu, na dawa za vioo zenye amonia hulifanya liwe na ukungu na manjano. Lina zipu, ifungue ulilaze kwanza kabla ya kushusha paa, weka taulo katikati. Za kuanzia 1998 zilikuja na kioo, nyinyi mumepona.

Raba za pembeni zipanguse na upake grisi ya silikoni kiasi kidogo. Vaselini hapana, ni mafuta ya petroli, yavimbisha raba. Viungo vya fremu futa chumvi na kitambaa kibichi kisha kikavu, halafu sprei ya silikoni, na ufute inayozidi isije ikapaka kitambaa.

Matundu ya kutolea maji ndiyo watu hawayajui. Maji ya paa huteremkia kwenye mfereji wa nyuma na kutoka kwa mipira miwili chini ya gari, kwenye MX-5 za zamani iko nyuma ya viti na hutokea mbele ya tairi za nyuma. Yakiziba kwa majani ya mwarobaini na mchanga, maji yarudi ndani, zulia laloa, na chuma cha chini chaliwa kutu kimya kimya huku wewe walaumu kitambaa. Mwaga kikombe cha maji kila upande, chungulia chini, yatoke mara moja. Yakisita, pitisha waya mwembamba uliovishwa plastiki polepole, usitumie spoku ya baiskeli, itatoboa mpira.

Mara ngapi

Kusuza kwa maji matamu bila sabuni, kila wiki ukikaa karibu na bahari, ni dakika chache tu. Sabuni mara moja kwa mwezi au ukiona uchafu. Dawa, wenye chupa wengi wanasema miezi sita au zaidi lakini wanahesabu jua lao, kwa gari inayolala nje Mombasa mimi ningepima kwa matone kila miezi mitatu, na ningehakikisha iko sawa kabla ya masika na kabla ya vuli. Kava ya gari ukinunua iwe inayopumua, ya nailoni yafungia unyevu, na usiivalishe juu ya paa lenye vumbi wakati wa kusi maana upepo utaisugua usiku kucha.

Ukishafanya yote haya na bado ndani kunadondoka, usirudie dawa ya tatu na ya nne. Dawa haizibi tundu. Kaa ndani ya gari, mtu amwage maji polepole kutoka chini kwenda juu, raba kwanza, kisha kona ya kioo, kisha mishono, uone yanapotokea. Mshono unaovuja hupakwa dawa ya mishono ya mahema kwa burashi ndogo upande wa ndani, na raba iliyolala mara nyingi ni klipu za mbele zataka kukazwa kidogo tu.